Nani Atamzika Sheha

Ndoo zilikuja na lori asubuhi, zimeingizwa moja ndani ya nyingine, mwili rangi moja na kifuniko rangi nyingine. Mimi ndiye niliyezipokea. Nilizipanga kwenye ukuta wa ghala, nikarudi nyuma kutazama kama mstari umenyooka, nikasogeza mbili zilizotokeza, nikaridhika. Ndivyo nilivyokuwa na ndivyo nilivyo hadi leo: kitu kikikaa upande nasikia kuwashwa mwilini. Lakini kwamba rangi zile mbili zikikaa pamoja ni rangi za chama, tena chama ambacho Wapemba wa kambini kwetu walivuka bahari kukikimbia, hilo sikuliona. Hakuna aliyeliona pale ofisini. Aliyeziagiza alikuwa mbali, na sisi wa upande huu wa maji tulikuwa tumezizoea kwenye kuta na kofia mpaka zikawa hazisemi kitu.

Kufika adhuhuri ndoo zilikuwa zinawaka uwanjani. Vijana walizirundika, wakamwaga mafuta ya taa, na plastiki ikaanza kudondoka matone ya moto juu ya mchanga. Wanawake walisimama pembeni wakipiga makofi. Askari wa getini walikuja na virungu, wakampiga kila waliyemfikia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita tu, mtoto mgongoni, alipigwa kiwiko mpaka mkono ukaning'inia. Nilikuwa na filimbi shingoni niliyopewa kwa ajili ya kutuliza watu, nikaipuliza, na hakuna aliyegeuza hata kichwa.

Kambi yenyewe ilikuwa kwenye shamba la mkonge lililokufa, ng'ambo ya mto Pangani, njia ya kwenda Mkwaja. Miaka ile mashamba mengi yalikuwa yamefungwa, na baba yangu alikuwa mmoja wa waliopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kamba mjini Tanga. Yakabaki maghala marefu ya mabati yenye kutu, na ndani ya maghala hayo serikali ikawaweka Wapemba waliokimbia vurugu za baada ya uchaguzi. Neno wakimbizi lilikatazwa. Nchi ni moja, tuliambiwa, na mtu hawi mkimbizi kwenye nchi yake. Tukaambiwa tuwaite wageni. Kwenye ripoti zangu nilifuta neno wakimbizi kwa wembe, nikalikwaruza taratibu mpaka karatasi ikawa nyembamba, kisha nikaandika wageni juu yake kwa mwandiko uleule.

Sikuwa nimesomea kazi ile. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nilikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba moja kubwa Raskazone, na Kiingereza nilijifunza kwenye magazeti ya wenye nyumba, kamusi nimeiweka chini ya ubao wa kupigia pasi. Shirika lilipotafuta watu wa kusaidia kambini, mama mwenye nyumba alinipeleka mwenyewe. Nikapewa kijitabu cha namna ya kuwalinda watu waliohama makwao. Nilikisoma mpaka kikaachana kurasa. Kila jambo mle lilikuwa na jibu, na mimi nikaamini kwamba nikilifuata neno kwa neno hakuna atakayeumia. Naona aibu kulisema, lakini niliamini hivyo kweli.

Kazi yangu ilikuwa kusimamia foleni ya maji. Bomba lilikuwa moja, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Na baada ya zile ndoo kuchomwa, kambi nzima ilibaki na ndoo moja tu ya rangi zile. Ilikuwa ya mke wa sheha. Hakuibakisha kwa ubishi. Yeye na mumewe walifika kambini bila chombo chochote, na hakuna ambaye angewaazima.

Kwa asiyejua, sheha huko visiwani ndiye mkono wa serikali kule chini kabisa kijijini. Ndiye anayesema fulani ni mkaazi na fulani si mkaazi. Mwaka ule wa uchaguzi sheha huyu alikaa kwenye kituo cha kuandikisha wapiga kura akiwatazama watu aliozaliwa nao, watu ambao alikula pilau kwenye harusi zao, na akisema: simjui. Asiyejulikana na sheha hakuandikishwa. Kulikuwa na mwashi mmoja, mtu mfupi mwenye mabega mapana, ambaye mdogo wake alikwenda nyumbani kwa sheha kulalamika. Vijana waliokuwa wakilala barazani pale walimpiga uani, sheha akiwa amesimama mlangoni, na kijana yule akapoteza jicho moja. Baada ya kura kuhesabiwa na damu kumwagika, watu wakaja kuichoma nyumba ya sheha. Wale aliowatumikia hawakumtumia hata askari mmoja. Akaingia chomboni pamoja na hao hao aliosema hawajui, akakaa na mkewe kwenye omo, mbele kabisa ya chombo, na safari nzima hakuna aliyewasemesha.

Walikuwa wamesusiwa. Hilo nalo nililifahamu kambini. Ukisusiwa huuziwi chumvi wala huazimwi moto. Mwanao haolewi. Ukifa hawaji kukuzika.

Foleni ilipomfikia mke wa sheha wanawake walikuwa wakimwachia nafasi mbele na nyuma, kama vile amebeba kitu chenye kunuka. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, mwenye kutembea taratibu. Mabinti wa rika langu walipita mbele yake bila shikamoo. Mimi nilimwamkia kila asubuhi, kwa sauti, kwa sababu kijitabu kilisema tusibague.

"Marahaba mwanangu," alikuwa akijibu, kisha akaongeza polepole, "usiniamkie kwa nguvu hivyo. Watakupiga."

Hawakunipiga mimi. Walimpiga yeye. Asubuhi moja alipokuwa amejaza, binti mmoja aliisukuma ile ndoo kwa mguu, maji yakamwagika, na yeye akainama kuiokota. Alipoinama wakamrukia. Nilisikia sauti ya mabuyu na madebe yakigonga mgongo wa mtu, sauti butu ambayo sikuwahi kuisikia kabla. Nilijitupa katikati. Kuna aliyening'ata mkono, alama ninayo mpaka leo, na kuna aliyesema kwa utulivu kabisa sikioni mwangu, "Toka dada, wewe haikuhusu." Walipotawanyika vidole viwili vya mke wa sheha vilikuwa vimevunjwa. Walivikanyaga kwa makusudi, kwa kisigino, ili asishike mpini wa ndoo.

Nilikwenda kwa mkuu wetu, mtu wa bara, mpole, mwenye kuvaa koti hata jua likiwa kali. Nilimwambia familia ile ihamishwe leo leo, ipelekwe mjini. Nilimfungulia na ukurasa wa kijitabu. Akaniambia niketi. Akanieleza kwamba sheha ni mtu wa serikali. Tukisema yuko hatarini mle kambini, tumesema kambi ni ya waasi, na kuna wakubwa waliokuwa wakingoja neno hilo tu wailete meli kuwarudisha watu wote kule walikotoka, ambako wengine walikuwa wakingojwa na bunduki. Isitoshe, alisema, sheha mwenyewe amekataa kuondoka.

Nilikwenda kumsikia kwa masikio yangu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwembamba, kanzu yake imefuliwa mpaka kitambaa kinaonyesha mwili, anamfunga mkewe vidole kwa kipande cha kanga.

"Siondoki," alisema. "Nikaondoke niende kwa nani? Wale walionituma hawakunipokea. Hawa nimewakosea, lakini ndio wangu. Miye ni sheha wao."

"Wao hawataki sheha," mkewe alisema, bila kumtazama.

Kesho yake alikuja bombani mwenyewe, kanzu na kofia, ndoo ile mkononi. Akasimama mwisho wa foleni ya wanaume na kutoa salamu. Salamu kuitika ni wajibu, mtoto mdogo anajua hilo, na foleni nzima ikanyamaza. Akarudia. Kisha akasema, "Salamu ni ya Mungu, si ya sheha. Nirudishieni."

Kijana mmoja wa mbele akageuka. "Kwani watujua?"

Watu wakacheka.

"Tuandikie kwanza kwamba sisi wakaazi," mwingine akasema, "ndipo tukuitike."

"Nawajua," sheha akasema. "Nawajua nyote, na baba zenu nawajua."

Naamini alikuwa akiomba radhi. Ni mimi tu niliyesikia hivyo, au nataka iwe hivyo. Wao walisikia mtu aliyewajua siku zote, hata siku ile aliposema hawajui.

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Hakuanguka. Aliinua mkono kama anayetaka kufuta kitu, na jiwe la pili likampata juu ya sikio, akapiga goti. Hapo wakamfikia. Kulikuwa na kipande cha bomba la chuma tulichokitumia kugongea koki, kimeegemezwa pale pale, mimi ndiye niliyekuwa nikikiegemeza kila siku kwa pembe ileile. Mmoja akakichukua. Nilipuliza filimbi. Nilipuliza mpaka nikasikia ladha ya damu, miguu yangu imekataa kabisa kutembea. Walipokimbia kuelekea kwenye mkonge, ndipo miguu ikakubali, na nitasema ilikonipeleka. Haikunipeleka kwa sheha. Ilinipeleka kwenye bomba. Lilikuwa limeachwa wazi na maji yalikuwa yakimwagika bure, nikalifunga, nikahakikisha kwamba halidondoki, kisha nikageuka na kuketi chini kando yake. Kichwa chake upande mmoja kilikuwa laini. Alikuwa bado anapumua, pumzi za kuvuta kwa sauti, kisha zikaacha.

Askari walikuja na gari mbili. Waliomuua walikuwa wameshafika mbali, kwa hiyo wakawapiga waliokuwepo. Waliingia kwenye maghala na kufunga milango kwa nje, wakarusha moshi wa kuwasha ndani, na ndani mlikuwa na watoto. Nilisikia mikono ikigonga mabati. Milango ilipofunguliwa watu walitoka wakitambaa, macho yamevimba, na kila aliyetoka alipita katikati ya safu mbili za virungu. Hilo nalo lilikuwa limepangwa kwa mistari iliyonyooka.

Mke wa sheha hakulia mbele yetu. Aliniita zahanati, ambako maiti ilikuwa imelazwa, na akasema anataka jambo moja. Mumewe asipelekwe mjini kuzikwa na manispaa kama maiti isiyo na mwenyewe. Aoshwe, aswaliwe na azikwe na watu wa kwao, leo, kabla jua halijatua.

"Dada, nitafutie mwanamume mmoja tu," alisema. "Mmoja akisimama, wengine watakuja."

Jua lilikuwa limevuka utosi na mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Nilipita ghala kwa ghala. Wanaume walikuwa wameketi chini, wengine wanavuja damu puani, wengine wanaoshwa macho na wake zao. Nilipofika walitazama miguu yao. Mzee mmoja aliniambia kwa upole kwamba anayemzika aliyesusiwa naye anasusiwa, na yeye ana mke mgonjwa, je akifa kesho nani atamzika. Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa akiswalisha pale kambini, aliniambia sheria anaijua kuliko mimi. Maiti ya Mwislamu ikiachwa bila kuzikwa, dhambi ni ya wote. "Basi twende," nikasema. Akasema, "Niite ukiona watu." Wanakijiji wa jirani walisema hawataki kuandikwa upande wowote. Askari wawili walikuwa Waislamu, wa pwani kabisa, na mmoja alikuwa tayari amevua buti kwenda kutia udhu, mkubwa wao alipomwamuru azivae.

Mwashi nilimkuta nje ya ghala lake, anajifunga tambara kwenye paja lililopasuliwa na kirungu. Yeye sikuthubutu hata kumwomba. Aliniona nikipita, akaniuliza wamekubali wangapi. Nikamwambia hakuna. Akaendelea kujifunga.

Nikarudi na kumwambia mke wa sheha kwamba nimeshindwa. Akaomba maji.

Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe. Mimi sikujua. Alimwosha mwenyewe, kwa mkono mmoja mzima na mmoja uliofungwa, mimi nikimwaga maji na kutazama ukuta pale alipoinua shuka. Alimsema kidogo alipokuwa akimwosha, kama mtu anayemkemea mtoto aliyerudi na matope. Muuguzi alitoa shuka nyeupe za zahanati. Mkuu wetu na dereva wa ofisi walikuwa wameshachukua sepeto na kwenda kuchimba kaburi kwenye makaburi ya zamani ya manamba wa shamba, ng'ambo ya uwanja. Wote wawili walikuwa Wakristo, na walichimba shimo kama walivyojua wao.

Ilikuwa imebaki kumbeba. Mkewe akasema, "Tutambeba sisi."

Nilimwambia wanawake hawabebi jeneza wala hawaendi makaburini. Nilimwambia hivyo mjane, nikiwa na kijitabu changu mfukoni.

"Najua," akasema. "Na wao wanajua."

Jeneza la msikiti wa kijiji cha jirani lilikuwa limefichwa, tukatumia machela ya zahanati. Mbele waliingia mjane na muuguzi, nyuma mimi na mpishi wa ofisini, mama wa Kibondei ambaye msalaba wake aliusukumia ndani ya gauni. Tukainua. Sikuwa nimejua kwamba maiti ina uzito kiasi kile. Tungeweza kupita njia ya nyuma. Mjane alielekea kati ya uwanja, mbele ya milango yote ya maghala, na alikwenda taratibu, si kwa sababu ya uzito.

Pwani ukikutana na jeneza huulizi ni la nani. Unaacha ulichoshika, unatia bega, unatembea nalo kidogo, unampisha mwingine. Watoto wanaiga mchezo huo kabla ya kujua kusoma. Wanaume wale walikuwa wamelikwepa jeneza la sheha kwa kukaa ndani, na sasa lilikuwa likipita mbele ya macho yao mabegani mwa wanawake, machela imekaa upande kwa sababu tulipishana urefu, mkono wa maiti umeteleza ndani ya shuka na kufanya uvimbe ubavuni. Hakuna aliyezomea. Nilitamani hata wazomee. Mpishi aliteleza, machela ikaegemea upande wangu, na nikajua kwamba nitaiangusha.

Mwashi alikuja akichechemea. Alisimama pembeni ya mjane, akatazama mbele, si usoni mwake.

"Sijamsamehe," alisema. "Toa bega."

Akatoa bega. Mwashi akaingia. Alikuwa mfupi, ikabidi anyanyue mti wa machela kwa kiganja ili ilale sawa. Kisha akaja mwanamume mwingine kwa muuguzi. Kisha kuna mkono ulionisukuma kifuani bila neno, nikajikuta nje, na machela ikawa inakwenda mbio mbele yangu, kama inavyokwenda kawaida, mabega yakipishana. Mwalimu wa chuo alitoka anakimbia, kilemba mkononi. Dereva aliniambia baadaye kwamba walipofika, mwashi alilitazama kaburi, akatukana kwa sauti ya chini, akaingia mwenyewe, akalichimba upya ubavu wa kibla, na paja lake likavuja damu juu ya udongo. Walimswalia. Hakuna aliyemsomea dua ndefu. Walimfukia na kugeuka.

Askari walikuwa wakiwangoja njiani, mbele ya maghala. Mkubwa wao alikuwa ametazama mazishi yote kutoka kwenye gari, na alikuwa ameshapata jibu la kuandika: waliombeba wanawajua waliompiga. Akaanza na mwashi, aliyekuwa mbele na udongo mpaka kwenye viwiko. Walimuuliza majina. Hakujibu. Askari mmoja akampiga kwa kitako cha bunduki kwenye mfupa wa bega, lile lile alilobebea, na mimi niliyekuwa mlangoni mwa ghala nilisikia mfupa ukikatika. Walimpiga tena akiwa chini. Wakamnyanyua kwa mikono yote miwili, pamoja na ule uliovunjika, wakamtupa ndani ya gari. Wanaume wengine walilazwa kifudifudi, buti juu ya shingo zao.

Mjane alikuwa ameshaingia ndani kukaa eda. Nilikuwa nimemtundikia pazia la kanga, na kisheria hakutakiwa kutoka tena mpaka miezi yake iishe. Alilisogeza pazia, akanipita, akatembea katikati ya wale wanaume waliolala, akasimama mbele ya gari, karibu hata bampa ikagusa nguo yake.

"Mama, pisha," mkubwa wa askari alisema. "Haya tunayafanya kwa ajili ya mzee wetu."

"Mzee wangu kazikwa na huyo," akasema. "Mkimchukua, nichukueni na miye. Mkaseme huko mjini mumemkamata mke wa sheha siku aliyozikwa mumewe."

Dereva wa gari alikuwa ameshawasha injini. Mkubwa wake alisema tena pisha, na akaweka mkono kwenye kirungu, akauacha pale. Kambini hapo palikuwa na watu wengi aliowapiga siku hiyo, wajawazito na watoto, na hakuna ambaye angeulizwa habari zake. Huyu peke yake alikuwa wa kwao. Ndani ya ripoti yoyote, ngazi yoyote, mke wa sheha angekuwa mke wa sheha. Nilimwona akilipima jambo hilo, na sikuwahi kumwona mtu akiwa na hasira kiasi kile bila kufanya kitu.

Mwashi alisukumwa kwa buti kutoka ndani ya gari. Aliangukia lile bega. Gari ikarudi nyuma, ikageuka, ikaondoka, na wanaume wakainuka mmoja mmoja wakijipangusa mchanga mdomoni.

Mjane akasimama juu yake.

"Usidhani tumelipana," mwashi alisema kutoka chini.

"Sikudhani."

Akarudi ghalani, akateremsha pazia. Mimi nikapiga magoti kwenye vumbi, nikavua mtandio wangu na kuanza kumfunga mwashi mkono, naye akanitukana mpaka nilipomaliza.